Sanjari na Dunia

Tarehe 20 Juni 2019, roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, ikiwa imebeba setilaiti mbili za mawasiliano. Moja ilikuwa Eutelsat 7C, iliyotengenezewa hasa soko la televisheni la Afrika kusini mwa Sahara, na kituo chake ni nyuzi 7 mashariki. Madishi mengi yaliyofungwa juu ya mabati ya Tanzania huelekezwa huko.

Habari za namna hii zikiandikwa kwa Kiswahili, mara nyingi tunasoma kwamba setilaiti "imezinduliwa". Neno hilo linaniuma. Kuzindua ni kumtoa mtu usingizini au katika bumbuwazi, na kwa matumizi ya leo ni kufungua jambo rasmi: kitabu, kampeni, kisima cha kijiji. Chombo cha tani zaidi ya tatu kikipandishwa angani kwa moto, hicho hakizinduliwi, kinarushwa. Na tazama jinsi kitenzi hiki kilivyo tajiri: setilaiti hurushwa, kisha nayo ikifika hurusha matangazo. Kitenzi kile kile kinaisindikiza kutoka ardhini mpaka kazini.

Kourou ilichaguliwa kwa kuwa iko nyuzi 5 tu kaskazini mwa ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe hukipa chombo mwendo wa karibu mita 460 kwa sekunde kabla injini haijawashwa, mradi kirushwe kuelekea mashariki. Waitalia nao waliufuata ukaribu huo huo wa ikweta walipoweka jukwaa lao la San Marco baharini karibu na Malindi. Hapo ndipo iliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani, ikapewa jina la Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake.

Roketi haiifikishi setilaiti kama 7C mwisho wa safari. Huiacha kwenye njia ndefu ya umbo la yai, inayoitwa kwa lugha za wahandisi njia ya uhamisho. Mimi ningeiita mzingo wa kuhamia. Ile "i" iliyoongezwa kwenye kuhama inatuambia kwamba chombo kina kwao kinakokwenda, na kwamba hapa kinapita tu. 7C ilihamia kwa injini za umeme, ambazo husukuma kwa nguvu ndogo mno lakini bila kuchoka, ikachukua miezi kufika.

Kufika wapi? Hapa ndipo istilahi zetu zinapopwaya. Kilomita 35,786 juu ya ikweta, setilaiti huizunguka dunia kwa saa 23 na dakika 56, muda ule ule ambao dunia hujizungusha yenyewe mara moja. Aliye chini huiona haisogei, na dishi likishaelekezwa halina haja ya kugeuzwa. Kwa sababu hiyo huelezwa kuwa setilaiti "iliyosimama", au "tuli". Lakini haijatulia hata kidogo. Inakwenda kilomita tatu kila sekunde, na ingesimama kweli, ingeanguka. Jina linalosema imesimama linamficha mwanafunzi jambo lenyewe analopaswa kulielewa.

Kiswahili kina neno lililokuwa likingoja kazi hii: sanjari. Vyombo viendavyo sanjari baharini husafiri pamoja, na nahodha akimtazama mwenzake humwona palepale alipokuwa, ingawa wote wawili wanakata mawimbi. Hiyo ndiyo hali ya setilaiti hii na dunia. Sanjari pia inabeba maana ya jitihada, kwa kuwa anayeandamana na mwenzake hana budi kujirekebisha kila mara. Mvuto wa mwezi na jua huivuta setilaiti kaskazini na kusini; umbo la dunia, lisilo duara kamili, huisukuma mashariki au magharibi. Waongozaji huwasha injini zake ndogo mara kwa mara kuirudisha, na akiba ya kujirekebisha ikiisha, kazi yake imekwisha, hata kama mitambo ya mawasiliano bado ni mizima.

Mtu anaweza kusema kwamba sanjari haitoshi, na ana haki. Syncom 2, iliyorushwa mwaka 1963, ilikwenda na dunia kwa muda ule ule, lakini njia yake ilikuwa imeinama, ikawa inachora umbo la nane kaskazini na kusini mwa ikweta. Syncom 3 ya mwaka 1964 ndiyo ya kwanza kukaa juu ya ikweta yenyewe, na mwaka uliofuata Early Bird ikafungua biashara ya mawasiliano kwenye njia hiyo. Basi tuwe na majina mawili: mzingo sanjari kwa zote ziendazo na dunia, na mzingo sanjari wa ikweta kwa zile zinazoonekana hazisogei.

Nalishikilia neno ikweta kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1976, huko Bogotá, baadhi ya nchi zilizopitiwa na ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire, zilitangaza kwamba sehemu za mzingo huo zilizo juu ya ardhi zao ni rasilimali yao ya asili. Mataifa yenye roketi hayakukubali, na mpaka leo nafasi za huko juu hupangwa kupitia Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU. Dai lilishindwa, lakini jiografia yake ilikuwa sahihi: mzingo huu uko mmoja tu, na unapita karibu na Kisangani, juu ya Ziwa Nyanza na juu ya Nanyuki.