Raba Ipi Hasa?

Mwenye Peugeot 504 akiingia dukani na kuomba "raba ya mlango", muuzaji atampa anachokidhani. Neno hilo limebeba mengi: viatu vya michezo, kifutio cha shuleni, na mlangoni kwenyewe vitu vitatu tofauti. Kuna mpira unaozunguka mlango na kuzuia maji na vumbi. Kuna mfereji wenye kitambaa laini ambamo kioo hupanda na kushuka. Halafu kuna ukanda mwembamba chini ya dirisha, unaopangusa maji kioo kinaposhushwa. Huu ndio unaosahaulika, na ukichakaa ndio unaoleta kutu ndani ya mlango.

Ningependa tuseme mpira wa mlango, mfereji wa kioo na kipangusa kioo. "Mfereji" linamfaa hata fundi, maana linamkumbusha kwamba kioo lazima kipite bila kubanwa. Mpira wa mlango nao usivutwe wakati wa kuupachika. Ukivutwa, baadaye hujikunyata na kuacha mwanya kwenye kona. Utelezeshe kwa maji ya sabuni, si kwa grisi, kwani mpira wa asili huvimba ukikutana na mafuta. Kisha fungia karatasi mlangoni uivute: ikichomoka bila kukwama, hapo pamelegea, basi sogeza komeo ndani kidogo.

Wauza vipuri, tafadhali yaandikeni majina hayo matatu kwenye orodha zenu za bei.