Pinga, Mji wa Mpakani, na Urithi wa Mwindo



Pinga si makao makuu ya teritware. Imekaa mpakani mwa Masisi na Walikale, ikiwa soko na njia panda ya Wanyanga, Wahunde, Wahutu na wengine waliofuata biashara. Walikale peke yake ina kilometa za mraba 23,475, sehemu kubwa ikiwa msitu. Katika nchi ya namna hiyo mji mdogo hupata uzito uzidio idadi ya nyumba zake.

Kwa sababu hiyohiyo umepiganiwa. Mwaka 2012 na 2013 makundi yenye silaha yalinyang'anyana Pinga, na wakazi wakaukimbia. Wengi wenu mwaijua kwa habari hizo tu, mkadhani ndiyo historia yake yote. Sivyo.

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, Candi Rureke wa kijiji cha Bese aliimba na kusimulia utenzi wa Mwindo kwa siku 12, huku Mbelgiji Daniel Biebuyck akisimamia uandikaji wake. Yeye na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga, waliuchapisha Marekani mwaka 1969. Vyuo vikuu vya mbali huusoma. Shuleni kwetu nani anaujua?

Mwami Shemwindo wa Tubondo hakutaka mtoto wa kiume. Mwindo alipozaliwa, akisema na kutembea papo hapo, baba alijaribu kumwua, kisha akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto akapona, akafika kwa shangazi yake Iyangura, akarudi kuishinda Tubondo. Baba akakimbilia kuzimu. Mwindo akamfuata, akamrudisha hai, na waliokufa wakafufuliwa. Ndipo Shemwindo akakiri kosa lake mbele ya mkutano wa watu wote, naye Iyangura akamkemea kaka yake bila kuogopa cheo chake.

Hapo ndipo ninapokawia kila nisimuliapo. Mwami anaungama hadharani, wala hasingizii wengine! Tena hawaishii kukumbatiana: nchi inagawanywa, kila mmoja na mlima wake. Naiona amani hiyo kuwa ya kweli kuliko zile zinazotiwa sahihi hotelini.

Wasimulizi wa namna ya Rureke wanazeeka, na wengine wamehamishwa na vita, wakiishi kati ya wajukuu wasiojua Kinyanga wala Kihunde. Kila kundi la vijana lichague mzee mmoja, liende kwake na daftari kabla ya Majilio, liandike asemavyo kwa lugha yake mwenyewe.