Boya, Sindano na Tundu: Historia ya Pikipiki Inayokunywa Mafuta

Leo naomba tuweke kompyuta kando kidogo, ingawa nina hakika ukifika mwisho utaona kwamba hatukwenda mbali nayo.

Binamu yangu ni mwendeshaji wa bodaboda kule Bungoma. Jioni moja alinipigia simu. "Kaka, wewe si ndiye mtu wa mitambo? Hebu niambie kwa nini pikipiki yangu inakunywa mafuta kama lori." Nikacheka, lakini alipoanza kunipa hesabu nikaacha kucheka. Kwa siku anaendesha karibu kilomita 120. Zamani lita moja ilimpeleka kilomita 40, kwa hiyo lita 3 zilimtosha. Ghafla, ndani ya wiki moja, lita moja ikawa haifiki hata kilomita 30. Tulipopima vizuri tukapata 27. Hiyo ni zaidi ya lita 4 kwa siku, kilomita zile zile, abiria wale wale. Zidisha lita 1.4 za ziada kwa siku 6 za kazi na kwa bei ya pampu, kisha ukumbuke kwamba pikipiki yenyewe ni ya mkopo unaolipwa kila siku. Utaelewa kwa nini hakuwa analala.

Wakati ananipigia alikuwa tayari amenunua plagi mpya na chujio jipya la hewa. Fundi mwingine alikuwa amemwambia injini ifunguliwe, pete za pistoni zimekwisha. Hilo ndilo lililonifanya nisome juu ya kabureta kwa wiki nzima, na nikajifunza jambo moja ambalo nataka kukuachia leo: kila kipande kilichomo ndani ya kabureta kiliwekwa pale na mtu aliyekuwa anasumbuliwa na hitilafu fulani. Kwa hiyo mafuta yakipanda ghafla, usianze kwa kuuliza ununue kipuri gani. Uliza ni hitilafu gani ya zamani imerudi.

Enzi za mvuke wa petroli

Mwaka 1885 huko Cannstatt, Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walifunga injini ndogo ya sentimita za ujazo 264 kwenye fremu ya mbao yenye magurudumu mawili makubwa na mawili madogo ya kusaidia pembeni. Wengi hukihesabu chombo kile kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli. Nguvu yake ilikuwa kama nusu ya farasi mmoja. Novemba ya mwaka huo Paul, mtoto wa Daimler, alikiendesha kutoka Cannstatt hadi Untertürkheim.

Injini zile za mwanzo zilikula mvuke. Hewa ilipitishwa juu ya petroli, ikabeba mvuke, ikaingia ndani ya silinda. Ni rahisi sana, lakini fikiria matatizo yake. Siku ya joto mvuke ni mwingi, siku ya baridi ni kidogo. Barabara ikitikisa tangi, mambo yanabadilika tena. Petroli, ili iungue vizuri, inataka kilo karibu 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Hewa ikipungua, mchanganyiko unakuwa mzito: plagi inakuwa nyeusi, moshi unatoka, na pesa yako inatoka pamoja nao. Kwa njia ya mvuke hakuna aliyeweza kushikilia kipimo hicho. Si kwamba injini ile ilikuwa mbovu. Haikuwa na chombo cha kupimia tu.

Njia ya mafuta nayo ilikuwa na mambo yake. Mwaka 1888 Bertha Benz alichukua gari la mumewe, akawapakia wanawe wawili, akatoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa kilomita zaidi ya 100. Mafuta aliyanunua katika duka la dawa pale Wiesloch. Husimuliwa kwamba bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia yake. Ikumbuke pini hiyo, tutairudia.

Boya linaingia

Mwaka 1893 ndio mwaka wa kabureta tunayoijua. Februari wahandisi wawili wa Hungaria, Donát Bánki na János Csonka, waliomba hataza ya kabureta inayonyunyiza petroli kupitia tundu dogo. Agosti mwaka huo huo Maybach naye akapata ya kwake. Kanuni ilikuwa imeshajulikana zaidi ya miaka mia moja: Daniel Bernoulli mwaka 1738 na Giovanni Battista Venturi mwaka 1797 walikuwa wameandika juu ya kinachotokea kimiminika kinapokwenda kasi na njia inapobanwa. Pale ambapo njia ni nyembamba hewa huenda kasi, na shinikizo hushuka. Ukiweka tundu la petroli mahali hapo, petroli inavutwa juu yenyewe na kutawanyika kama dawa ya mbu.

Lakini inavutwa kutoka urefu gani? Hapo ndipo penye siri. Petroli ikisimama karibu sana na mdomo wa tundu, inamwagika bila kuvutwa. Ikiwa chini sana, injini inakosa mafuta. Kwa hiyo chini ya kabureta kuna bakuli, na ndani ya bakuli kuna boya, kama lile la tangi la choo. Petroli ikipanda, boya linapanda na kusukuma sindano fupi inayofunga mlango. Petroli ikishuka, mlango unafunguka. Kazi yote ya boya ni kuhakikisha petroli inasimama pale pale, iwe mlimani au bondeni, tangi likiwa limejaa au lina nusu lita.

Sasa jiulize: boya likitoboka na kujaa petroli likazama? Takataka ikikaa kwenye ile sindano? Kile kibati kinachosukuma sindano kikipindwa kidogo? Petroli inapanda kuliko kawaida, mchanganyiko unakuwa mzito kila wakati, na zaidi ya hayo inachuruzika chini pikipiki ikiwa imesimama.

Tundu moja halikutosha

Kabureta ya 1893 ilikuwa na kasoro yake: kadiri injini ilivyovuta hewa kwa nguvu, petroli iliongezeka kuliko ilivyostahili. Mwaka 1902 Arthur Krebs wa Ufaransa aliongeza mlango unaojifungua wenyewe na kuingiza hewa zaidi. Mwaka 1906 Mfaransa mwingine, François Baverey, akatumia matundu mawili, moja likizidisha na jingine likipunguza, ili makosa ya moja yafute makosa ya jingine. Mimi kama mwandishi wa programu niliposoma hapo nilitabasamu.

Pikipiki nyingi zilifuata njia nyingine. Ukikunja mkono wa mafuta, kifuniko ndani ya kabureta kinapanda na kuinua sindano ndefu iliyochongoka, na kadiri inavyopanda ndivyo nafasi ya petroli inavyopanuka. Sindano hiyo hutikisika maisha yake yote, ikajisugua na tundu lake, na baada ya makumi ya maelfu ya kilomita tundu limepanuka. Lakini angalia: hilo huja polepole. Pete za pistoni nazo huisha polepole. Kitu kinachoisha kwa miaka hakiwezi kupandisha mafuta ndani ya wiki moja. Neno "ghafla" linakuondolea nusu ya washukiwa kabla hujashika spana. Linakuachia vitu vilivyokwama, vilivyoziba, vinavyovuja, au, mara nyingi zaidi, vilivyoguswa na mtu.

Turudi kwenye pini ya Bertha Benz. Fundi wengi bado wanazibua jeti kwa waya, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Bomba la mafuta unaweza kulichokonoa, jeti usiichokonoe. Jeti yenye tundu la milimita 1.00 ukiikwangua ikawa 1.05, kwa macho huoni tofauti. Lakini eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 10, na petroli inapita kwa eneo. Puliza kwa hewa, achana na waya.

Mwendesha pikipiki aliyerekebisha ndege

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Beatrice Shilling, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1909. Alinunua pikipiki yake ya kwanza akiwa na miaka 14. Akasomea uhandisi Manchester, na mwaka 1934 akazunguka uwanja wa Brooklands juu ya Norton kwa kasi ya zaidi ya kilomita 170 kwa saa.

Mwaka 1940 ndege za Spitfire na Hurricane zilikuwa na ugonjwa. Rubani akisukuma pua ya ndege chini kwa ghafla, injini ya Merlin ilikohoa, kisha ikatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Ndege za Kijerumani za Messerschmitt Bf 109 zilitumia injini inayopigiwa mafuta moja kwa moja, bila kabureta, kwa hiyo marubani wao walijua pa kukimbilia. Watu wa Uingereza walikuwa wanakufa kwa sababu ya boya. Ndege iliposukumwa chini, petroli ilirushwa juu ya bakuli, boya likachanganyikiwa, mlango ukafunguka wazi, na pampu ikafurisha injini.

Shilling, aliyekuwa mhandisi pale Farnborough, hakuunda kabureta mpya. Alipiga hesabu ya petroli ambayo injini inaweza kuhitaji ikiwa katika nguvu zake zote, akatengeneza kipande kidogo cha chuma chenye tundu linalopitisha kiasi hicho na si zaidi, kikawekwa kwenye njia ya mafuta. Mwanzoni mwa 1941 yeye na kundi lake walizunguka viwanja vya ndege wakikifunga, bila kuziondoa ndege kazini. Hakikuwa dawa kamili, lakini mafuriko yalikwisha. Alifariki mwaka 1990. Somo lake kwangu ni hili: alitafuta mahali ambapo petroli ya ziada inapita, akapima, akagusa kitu kimoja tu.

Hatimaye Bungoma

Bodaboda zilianza kama baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia, ndipo jina likatoka. Pikipiki zilifurika baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT mwaka 2008 kwa zile za chini ya sentimita za ujazo 250. Nyingi zilizotoka China zilikuwa na injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo iliundwa makusudi kwa nchi ambazo pikipiki hupigishwa kazi na kuhudumiwa kwa nadra. Ndani ya kila moja kulikuwa na kabureta yenye boya la 1893.

Tulianza kwa kupima. Tangi lilijazwa hadi shingoni, akaendesha siku nzima, likajazwa tena pampu ile ile. Hilo lilitupa 27, si "naona kama inakunywa". Tukazungusha magurudumu kwa mkono, hakuna breki iliyokuwa inashika. Choki ilikuwa inarudi hadi mwisho. Ndipo nikamuuliza swali ambalo sisi wa programu huulizana kila siku: kabla ya tatizo kuanza, nini kilibadilika?

Akanyamaza kidogo. "Hakuna. Nilioshewa kabureta tu."

Tulichukua bomba jembamba linalopitisha mwanga, tukalichomeka kwenye tundu la kumwagia chini ya bakuli, tukalisimamisha kando ya kabureta na kufungua skrubu. Petroli ndani ya bomba hupanda hadi usawa wa petroli ndani ya bakuli. Yetu ilipita mstari ambapo bakuli linaungana na kabureta. Tulipofungua, kile kibati cha boya kilikuwa kimepindwa. Aliyeosha alikibonyeza bila kujua. Na pale anapoegesha stejini, chini ya bomba la kumwagia, udongo ulikuwa na doa ambalo kila mtu alidhani ni oili ya zamani.

Tukakinyoosha kidogo kidogo huku tukipima. Hatukununua kitu. Siku iliyofuata lita moja ilimpeleka kilomita 39.

Unaweza kusema haya yanakwisha, kwa kuwa pikipiki mpya zinapigiwa mafuta na kompyuta. Kweli, Kawasaki ilianza kuuza moja mwaka 1980, na mwaka 2003 Honda ilikuwa imefikisha teknolojia hiyo kwenye skuta ya sentimita za ujazo 50. Lakini kipimajoto cha injini kikidanganya kwamba injini bado ni baridi, kompyuta itaongeza mafuta siku nzima, sawa kabisa na choki iliyokwama. Hitilafu ni ile ile, imehama tu kutoka kwenye chuma hadi kwenye namba.

Kwa hiyo siku pikipiki yako ikianza kunywa, pima kwanza, uliza nini kilibadilika, gusa kitu kimoja kwa wakati, pima tena. Na ukiambiwa injini ifunguliwe, omba kwanza mtazame boya.

Haya, mpaka wakati mwingine. Endesha salama, na uvae helmeti.