Sura ya Kura Fizi na Baraka, 2006–2018
Historia ya uchaguzi katika Kongo ya Mashariki huelezwa kwa idadi ya kura. Sura ya karatasi yenyewe husahauliwa. Tarehe 30 Julai 2006, wapiga kura wa Fizi na Baraka walikabidhiwa karatasi yenye wagombea urais 33, kila mmoja akiwa na picha yake. Katika nchi ya Wabembe, ambako Kifaransa ni lugha ya ofisi na shule, picha hiyo ilifaa kuliko hotuba nyingi za kampeni. Gharama yake ilikuwa ukubwa: Kinshasa, karatasi ya wabunge ilifikia kurasa kadhaa.

Tarehe 30 Desemba 2018, Tume ya Uchaguzi (CENI) ilizihamishia picha kwenye kioo cha mashine kutoka Korea Kusini. Mpiga kura aligusa kioo, na mashine ikamchapia karatasi ndogo yenye chaguo zake: rais, mbunge wa taifa na mbunge wa jimbo. Wapinzani, kwa kugeuza herufi moja tu ya jina lake la Kifaransa, waliiita mashine ya kuiba. Lawama yao ilihusu hesabu. Lakini mpangilio nao ulikuwa umebadilika. Karatasi ya 2006 ilihifadhi alama ya mpiga kura katikati ya washindani wote. Ile ya 2018 ilihifadhi waliochaguliwa pekee.