Mbasa Mwenye Mayai: Historia Fupi ya Uvuvi katika Ziwa Letu



Wapendwa waamini na wasomaji wetu, tafakari yetu ya juma hili imeanzia mezani. Siku chache zilizopita mama mmoja mzee wa parokia alituletea mbasa mkubwa, amemfunga kwa majani ya mgomba. Alipopasuliwa jikoni, akakutwa amejaa mayai. Tulimshukuru mama yule, tukabariki chakula, tukala. Na kwa kweli mayai yale yalikuwa matamu kuliko nyama yenyewe. Tulipokwisha kunawa mikono, mzee mmoja aliyekuwa mgeni wetu siku hiyo akasema kwa sauti ya chini: “Baba Paroko, leo tumemla mama pamoja na wanawe.”

Neno hilo halikutuacha. Tukajiuliza: imekuwaje mbasa, aliyekuwa chakula cha kawaida cha wazee wetu kandokando ya mito ya Kyela, leo ni zawadi ya kumpelekea mgeni wa heshima? Jibu lililo rahisi ni lile tunalolisikia kila siku, kwamba wahenga waliheshimu viumbe na vijana wa leo wameharibikiwa. Tulipoichunguza historia, tumeona kwamba jibu hilo halitoshi, na pengine linatupumbaza.

Tuanze na ziwa lenyewe. Ziwa Nyasa lina kina cha takribani mita 700, na katika Afrika linazidiwa kina na Ziwa Tanganyika peke yake. Mtu akisimama pwani ya Matema, akayatazama maji yale yanavyogusa miguu ya Milima ya Livingstone, ni vigumu kuamini kwamba samaki waweza kuisha humo. Lakini ukubwa huo unadanganya macho. Chini ya mita 250 hivi maji hayana hewa ya kumtosha samaki kuishi. Samaki wote tuwajuao huishi katika tabaka la juu, na wengi wao huzaliana karibu na nchi kavu, katika mchanga, matete na miamba. Mbasa yeye hutoka ziwani na kupanda mitoni kutaga mayai juu ya changarawe, na mito yetu ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo ni miongoni mwa njia zake. Kwa hiyo ghala ni kubwa, lakini mlango wake ni mwembamba, nao uko mbele ya nyumba zetu.

Mwaka 1861 David Livingstone na wenzake, akiwamo daktari John Kirk ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza kule Zanzibar, walisafiri kandokando ya pwani ya magharibi ya ziwa. Hawakufika huku kwetu kaskazini, lakini samaki waliowakuta ni hawa hawa. Katika kitabu cha safari hiyo, kilichochapishwa mwaka 1865, wanaeleza kwamba mbasa walikuwa wakipanda mitoni kutaga, na kwamba hawakupata kula samaki mzuri kuliko huyo katika Afrika. Wanaeleza pia jinsi wenyeji walivyoziba mito kwa nyua zenye milango, na katika kila mlango wakatega mgono ambao samaki akiingia ni shida kutoka.

Mpenzi msomaji, hapo tusimame kidogo. Miaka zaidi ya 160 iliyopita watu wa ziwa hili walikuwa wakiwavua mbasa wenye mayai, tena kwa wingi na kwa furaha. Hawakuwa watakatifu kuliko sisi. Waliona njaa, wakaona samaki, wakawavua. Kwa nini basi samaki hawakuisha?

Hawakuisha kwa sababu mkono wa mvuvi ulikuwa mfupi. Uzio wa miti na matete ulisombwa na mafuriko, na mto ukabaki wazi. Mgono ulimshika mkubwa, mdogo akapenya. Wavu ulisokotwa kwa nyuzi za mimea, ukachukua siku nyingi za kazi, na ukioza ilibidi kuanza upya. Mtumbwi wa gogo moja haukuthubutu kwenda mbali upepo ulipochafuka. Soko nalo lilikuwa fupi vilevile. Wakisi wa pwani ya mashariki, ambao ni wavuvi na ambao wake zao ni wafinyanzi mashuhuri, walipeleka vyungu vyao kwa mitumbwi na kuvibadilisha kwa chakula cha jirani zao. Ilikuwa biashara ya kapu na chungu. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuvua kuliko alivyoweza kula, kukausha au kubadilisha. Kiasi kilikuwapo, lakini kilikuwa katika zana zaidi kuliko katika mioyo.

Kisha mambo yakageuka. Tangu miaka ya 1950 na 1960 nyavu za nailoni zilienea katika maziwa ya Afrika; hazikuoza upesi, na mtu mmoja akaweza kumiliki nyavu ambazo zamani zingehitaji ukoo mzima kuzisokota. Zikaja taa za kuvutia dagaa usiku wa giza. Yakaja makokoro, yale yanayokokotwa hadi ufukoni yakifagia mchanga wote. Barabara ya kwenda Tukuyu na Mbeya ikaunganisha ufuko wetu na wanunuzi ambao hawajawahi kuliona ziwa. Hali kadhalika idadi ya watu iliongezeka, na mashamba yakapanda milimani, hata udongo ukashuka mitoni na kuzifunika zile changarawe za mbasa. Na katika miaka hii ya karibuni hata vyandarua, vilivyogawiwa ili kuwaokoa watoto wetu na malaria, vimeonekana vikivua samaki wachanga.

Matokeo yake wenzetu wa kusini waliyaonja kabla yetu. Ziwa Malombe, dogo, lililo kwenye mto Shire unaotoka katika ziwa letu upande wa Malawi, lilisifika kwa samaki aina ya chambo. Katika miaka ya 1980 nyavu zenye macho madogo ziliongezeka humo, na kufikia miaka ya 1990 uvuvi wa chambo ulikuwa umeporomoka. Watu wakabaki kuvua samaki wadogo wadogo. Mwaka 2003 Malawi ilitunga mpango wa taifa wa kumrudisha chambo, maana ni rahisi kumaliza kuliko kurudisha. Tathmini ya shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, ya mwaka 2018 iliziweka aina 3 kati ya 4 za chambo wa ziwa letu katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka.

Tukumbuke jinsi chambo anavyozaa. Dume huchimba kiota mchangani, karibu na pwani. Jike hutaga, kisha huyachukua mayai kinywani mwake, na hata yanapoanguliwa watoto hukimbilia kinywani mwa mama wanapoona hatari. Kokoro likipita hapo, linabomoa kiota, linamkamata mama, na kinywani mwake limo kundi zima ambalo halitaonekana kwenye mizani. Usipa, kwa upande mwingine, hukua upesi na maisha yake ni ya takribani mwaka mmoja. Kwa hiyo huongezeka na kupungua kwa haraka, na akivuliwa kule maji makuu huvumilia kuliko chambo na mbasa.

Wapendwa, hili ndilo funzo tunaloliona katika historia hii. Zamani kiasi kiliwekwa na udhaifu wa zana. Zana zimepata nguvu, na kiasi kile kimeondoka; hakitarudi chenyewe. Sasa lazima kitoke ndani yetu, kwa hiari na kwa makubaliano. Torati iliwahi kuligusa jambo hili: katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7, mtu anayekuta kiota cha ndege anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama aachwe aende. Mungu hakumkataza mwenye njaa kula; alimkataza kuimaliza chemchemi. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si’ wa mwaka 2015, aliutaja uvuvi usio na kiasi miongoni mwa majeraha ya dunia, nyumba yetu ya pamoja.

Tunajua vema ugumu uliopo. Baba wa familia anayevua kwa wavu wenye macho madogo hafanyi hivyo kwa kiburi. Jioni watoto wanamngoja. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ipo, na vikundi vya wavuvi vya kulinda mialo vipo, lakini nyavu zikichomwa moto bila mtu kuonyeshwa njia nyingine, kesho zitanunuliwa nyingine gizani. Ndiyo maana hatutaki kumtupia mvuvi mzigo wote. Mvuvi huvua kile tunachonunua. Perege wa ukubwa wa kidole hufika sokoni kwa sababu yuko mama atakayemnunua na padre atakayemla.

Basi tunapendekeza mambo machache yaliyo katika uwezo wa kila nyumba. Tuendelee kula samaki wa ziwa letu, maana ndio riziki yetu na ya majirani zetu. Lakini tuwanunue usipa waliokomaa, na tuwaache perege na chambo wachanga mezani pa muuzaji hata kama ni rahisi. Tumuulize muuzaji samaki ametoka wapi na kwa wavu gani. Akiulizwa na wateja kumi kwa siku, atamuuliza mvuvi. Mbasa wanapopanda mitoni, jumuiya zetu ndogo ndogo zilizo kandokando ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo zikubaliane na wavuvi wao kuuacha mto wazi. Na wenye mashamba ukingoni waache miti na matete yasimame.

Nasi tuanze na meza yetu. Tulikwenda kumtembelea mama yule, si kumrudishia zawadi yake, kwani alitupa kilicho bora nyumbani mwake, bali kumweleza maneno ya yule mzee. Alisikiliza, akanyamaza kitambo, kisha akacheka: “Haya, Baba. Mara nyingine nitakuletea usipa.” Tumemwambia tutaupokea kwa shukrani ileile.

Tunawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.