BOMBA LA GESI LIMEPITA WAPI HASA? UFAFANUZI KWA WADAU

Leo naleta mada ambayo wengi tunaikanyaga kila siku bila kujua: mabomba ya gesi yaliyofukiwa ardhini, na namna wataalamu wanavyotambua yamepita wapi. Nimeigawa vipande vipande ili hata mwenye dakika chache kwenye mashine aondoke na kitu.

KWA NINI TUJALI?

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974. Mwaka 2004 ikaanza kufika Dar es Salaam kwa bomba na kuzalisha umeme pale Ubungo. Mwaka 2015 likakamilika bomba kubwa la kutoka Mtwara, kipenyo inchi 36. Mabomba madogo nayo yameingia mitaani, mpaka kwenye baadhi ya nyumba. Na mji wenyewe si mnauona, unachimbwa kila kukicha: leo barabara, kesho maji, keshokutwa nyaya za intaneti. Mtaani kwetu kijiko cha mkandarasi mmoja kilikata bomba la maji, tukashinda na ndoo kichwani siku tatu. Lakini yale ni maji, hasara yake ni tope na kiu. Gesi je?

Waulizeni Wabelgiji. Tarehe 30 Julai 2004, huko Ghislenghien, bomba kubwa la gesi lililokuwa limekwanguliwa na mashine ya ujenzi lilipasuka na kuwaka. Walikufa watu 24, wakiwemo wazima moto 5 waliokuwa wamefika kwa sababu ya harufu ya gesi. Majeruhi walizidi 130.

Mfano wa pili ni San Bruno, California, tarehe 9 Septemba 2010. Bomba la inchi 30 lililolazwa mwaka 1956 lililipuka katikati ya makazi. Watu 8 walikufa na nyumba 38 zikateketea. Wachunguzi walikuta kwamba kumbukumbu za kampuni zilisema bomba lile halina mshono, kumbe lilikuwa na mshono wa kuchomelea, tena mbovu. Maana yake ni kwamba ramani nzuri lazima ijibu maswali matatu: bomba limepita wapi, liko kina gani, na ni bomba la aina gani.

VIFAA VINAVYOTUMIKA

1. Kipima mawimbi ya sumaku-umeme. Hiki ndicho cha kawaida zaidi. Fundi anaunganisha mtambo mdogo kwenye bomba la chuma, unatuma mawimbi, halafu anatembea juu ya ardhi na kipokezi mkononi. Kipokezi kinalia zaidi kikiwa juu ya bomba, na kinakadiria kina. Tatizo: mawimbi yanaweza kuhamia kwenye waya wa umeme uliopita jirani, fundi akafuata kitu kingine kabisa. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba plastiki haipitishi umeme. Na mabomba mengi ya gesi ya mitaani siku hizi ni ya plastiki! Ndiyo maana inashauriwa kulaza waya wa shaba sambamba na bomba la plastiki, ili baadaye waya huo ndio usomwe. Waya ukikatika au ukisahaulika, imekula kwako.

2. Rada ya ardhini. Inafanana na mashine ya kukatia majani, inasukumwa kwa magurudumu. Inatuma mawimbi ya redio chini, yakigonga kitu yanarudi. Hii inaona hata plastiki. Kwenye kioo bomba linatokea kama upinde. Kina kinapatikana kwa hesabu: muda wa kwenda na kurudi, mara kasi, gawanya kwa mbili. Hapo ndipo penye mtego. Tuseme mawimbi yamechukua nanosekunde 20. Udongo mkavu kiasi, kasi sentimita 10 kwa nanosekunde, bomba liko mita 1. Udongo umelowa, kasi imeshuka hadi sentimita 6, bomba lilelile liko sentimita 60 tu! Asiyepima kasi ya udongo wa pale alipo atamdanganya mchimbaji kwa sentimita 40. Tena mfinyanzi na maji ya chumvi humeza mawimbi, kwa hiyo sisi watu wa pwani rada pekee haitutoshi.

3. Kifaa cha kupita ndani ya bomba. Wazungu wanakiita nguruwe, msinicheke. Kwenye mabomba makubwa kinasukumwa na gesi yenyewe. Ndani kina jairoskopu zinazohisi kila kona, na magurudumu yanayohesabu umbali. Kwa kuwa makosa madogo hujikusanya njiani, wataalamu hukisahihisha kwa alama za juu ya ardhi zilizopimwa kwa GPS.

4. GPS ya wapima ardhi. Si ile ya simu yako. Ya simu inaweza kukosea mita kadhaa, na mita 5 zinatosha kulihamishia bomba upande wa pili wa barabara. Ya wapima ardhi inapokea masahihisho kutoka kituo cha pili kilichosimama sehemu inayojulikana, na kosa linashuka hadi sentimita chache.

RAMANI HAZILINGANI

Chama cha wahandisi wa ujenzi cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2002 (ukaboreshwa 2022) wenye ngazi nne za kuamini ramani. D ni michoro ya zamani na maneno ya watu. C ni michoro iliyolinganishwa na vitu vinavyoonekana juu, kama mifuniko na valvu. B imepimwa kwa vifaa kama vile vya namba 1 na 2. A ni pale bomba limefunuliwa kabisa, likaonekana kwa macho na kupimwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "ramani ipo", muulize ya ngazi gani.

Na hata ukiwa na B, karibu na bomba huchimbi kwa kijiko. Unachimba shimo dogo la majaribio kwa mkono, taratibu, au kwa mashine ya kunyonya udongo. Marekani tangu 2007 wana namba moja ya simu, 811, unapiga kabla ya kuchimba, wanakuja kukuwekea alama bure: njano gesi, bluu maji, nyekundu umeme.

MAONI YANGU

Ngazi A inaonekana ya gharama kwa sababu inabidi ufukue. Lakini siku bomba linapolazwa mtaro uko wazi! Mtu mmoja na GPS nzuri akipima kabla udongo haujarudishwa, akaandika kina, aina ya bomba na mwaka, umepata ngazi A bila kufukua chochote. Ukishafukia, unalipia rada, halafu bado unabahatisha. Kwa mji ambao mabomba yake ya gesi mengi bado hayajalazwa, nafasi hiyo ni ya sasa, na kila mtaro unaofukiwa bila kupimwa ni fumbo tunalomwachia dereva wa kijiko wa kesho.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mtaani kwenu bomba la gesi limeshapita? Mliona mtu akipima kabla ya kufukia, au walirudisha udongo wakaondoka?