Dhamana ya Masafa: Televisheni ya Butembo na Beni katika Zama za Dijitali

Aghalabu wanaoandika juu ya kuhama kutoka analojia kwenda dijitali hulitazama jambo hilo kama suala la usafi wa picha na wingi wa chaneli, ilhali kwa Butembo na Beni, miji ya Kivu Kaskazini nchini Kongo iliyo mbali na Kinshasa kwa zaidi ya kilomita 1,500, suala lenyewe hasa ni la milki: ni nani aimilikiye njia ipitiayo picha, na kwa sharti gani humruhusu mwenyeji kuitumia.

Televisheni ya dola ilianza Kinshasa mwaka 1966, na kwa muda wa karibu robo karne sauti ilikuwa moja, hata Rais Mobutu alipotangaza mfumo wa vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990 na stesheni za watu binafsi zikaanza kuzuka. Katika utaratibu wa analojia mwenye studio ndiye aliyekuwa mwenye mnara. Stesheni kama Radio Télévision Graben ya Beni, au Radio Moto ya jimbo katoliki la Butembo-Beni upande wa redio, zilikuwa na masafa yao na mtambo wao. Na aliyesingiziwa hewani aliujua mlango wa kubisha.

Dijitali imeuvunja umoja huo. Masafa yaliyobeba chaneli moja sasa hubeba kumi na zaidi, hivyo biashara imegawanyika baina ya mtengenezaji wa kipindi na mchukuzi wake, na mtengenezaji, hata awe hodari namna gani, amekuwa abiria katika jahazi la mwingine. Mapatano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa analojia katika nchi nyingi. Kongo haikuwahi muda huo. Lakini tijara haikungoja serikali. Madishi ya Canal+ ya Ufaransa na ving'amuzi vya StarTimes vilikwisha kuingia, na Butembo, mji wa wafanyabiashara wafikao Dubai na Guangzhou, ambao kwa miaka mingi haukupata umeme wa shirika la taifa ukaishi kwa jenereta na paneli za jua, ukaona kwamba simu ya mkononi hula moto kidogo kuliko televisheni yoyote. Na wachukuzi wenyewe wanazidi kupungua: Septemba 2025 Canal+ iliitwaa MultiChoice ya Afrika Kusini, na sehemu kubwa ya televisheni ya malipo barani ikaangukia mkono mmoja.

Hasara ya hayo haionekani siku za mpira. Ilionekana katika mlipuko wa Ebola wa huku, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kukoma Juni 2020, wakati uvumi ulipokimbia kuliko tabibu, na maelezo yaliyohitajika yalikuwa ya Kinande na ya Kiswahili cha huku huku, kutoka kinywani mwa mtu anayefahamika mtaani. Ilionekana tena pale tume ya uchaguzi ilipoahirisha upigaji kura wa Beni na Butembo hadi Machi 2019, na siku chache baada ya uamuzi huo, tarehe 31 Desemba 2018, intaneti ikazimwa nchini kwa amri. Stesheni yenye mnara wake haikuhitaji intaneti ili isikike.

Atasema msomaji kwamba stesheni hizi ni mafukara, na kwamba baadhi yake ni zumari za wanasiasa. Ni kweli, wala sioni haja ya kuzipamba. Lakini zumari ya jirani hujulikana mpulizaji wake, ilhali mpangaji wa kifurushi huko Paris hana hata sababu ya kujua kwamba Beni ipo.

Dawa ipo, nayo imekwisha kujaribiwa. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika hukumu yake ya tarehe 29 Septemba 2014, ilikubali kwamba mdhibiti aweza kuwalazimisha wachukuzi wa televisheni ya malipo kubeba chaneli za bure bila jambo hilo kuwa uvunjaji wa hakimiliki. Basi wizara husika mjini Kinshasa, pamoja na CSAC, baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kusimamia vyombo vya utangazaji, wasitoe wala kuhuisha leseni ya mchukuzi yeyote auzaye ving'amuzi Kivu Kaskazini pasipo kuandika humo sharti la kubeba stesheni za mahali, bure kwa stesheni na bure kwa mtazamaji.